Tunaounganisha malipo ya mtandaoni tuache kubahatisha

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni yangu kuhusu jambo ambalo watu wengi wanalilalamikia, nalo ni lile la mteja kulipa kwa simu au kwa kadi kupitia tovuti, fedha zikakatwa kwenye salio lake, halafu mwenye biashara akamwambia kwamba hajaona kitu. Kila mara lawama huelekezwa kwa mitandao ya simu au kwa benki, na zipo nyakati ambazo wanastahili kulaumiwa. Lakini mimi ni fundi wa programu hapa Tanga, kazi yangu kwa miaka kadhaa imekuwa kuunganisha tovuti za nyumba za kulala wageni, maduka na vyuo vidogo na kampuni zinazopokea malipo, na katika kesi nilizoitwa kuzitazama, mara nyingi fedha zilizodhaniwa kupotea zilikuwa zimekwama katika mistari michache ya programu iliyoandikwa na sisi mafundi wa mtaani. Naandika kuwaomba mafundi wenzangu tuache kuiandika mistari hiyo kwa kubahatisha, na kuwaomba wenye biashara wajue la kutuuliza kabla hawajatulipa.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Ijumaa moja jioni nilipigiwa simu kutoka nyumba ya wageni iliyoko Raskazone, ambayo tovuti yake niliitengeneza mimi. Nikapanda baiskeli kutoka Chumbageni. Nilipofika mapokezi nilimkuta mama mmoja aliyetoka Korogwe na watoto wawili, mizigo ikiwa bado sakafuni, mkononi ameshika simu yenye meseji mbili za mtandao wake. Alikuwa amelipia chumba kupitia tovuti akiwa ndani ya basi. Ukurasa ulizunguka kwa muda, kisha ukamwandikia kwamba malipo yameshindikana na ajaribu tena. Akajaribu, akaingiza namba ya siri kwa mara ya pili, na safari hii ukurasa ukamkubalia. Meseji ya kwanza ilionyesha shilingi 90,000 zimetoka saa 10:42 jioni, na ya pili ilionyesha shilingi 90,000 nyingine zimetoka saa 10:44. Katika kumbukumbu za nyumba ile palikuwa na malipo ya mara moja tu.

"Shikamoo mama," nikamsalimu.

"Marahaba mwanangu. Mimi sina ugomvi na mtu, lakini hii hela ya pili ndiyo nauli ya kurudia na ndiyo chakula cha hawa watoto."

Nilimtumia shilingi 90,000 kutoka kwenye simu yangu palepale, na ya kutolea juu yake, kisha nikakaa na kompyuta pale mapokezi mpaka usiku wa manane nikitafuta kilichotokea.

Kilichotokea ni hiki. Malipo ya simu yanayoanzia kwenye tovuti hayamaliziki kwa safari moja. Seva ya mfanyabiashara, yaani kompyuta inayoendesha tovuti yake, hupeleka ombi kwa kampuni ya malipo. Kampuni hulipeleka kwa mtandao wa simu. Mtandao huibua ujumbe kwenye simu ya mteja unaomtaka aweke namba ya siri. Na jibu la mwisho hurudi baadaye kwa njia nyingine kabisa, pale ambapo kampuni ya malipo yenyewe inapiga hodi kwenye seva ya mfanyabiashara na kusema kwamba muamala fulani umekamilika au umekataliwa. Kati ya ombi na hodi hiyo zinaweza kupita sekunde tano, au zikapita dakika nzima na zaidi ikiwa mteja yuko ndani ya basi kati ya Hale na Muheza na mtandao unakuja na kuondoka. Programu niliyokuwa nimeiandika ilisubiri sekunde 30. Zilipokwisha, ikaandika kwamba malipo yameshindikana.

Hapo ndipo nilipokosea, kwa sababu kutopata jibu na kukataliwa ni mambo mawili tofauti. Malipo yana hali tatu, yaani yamekubaliwa, yamekataliwa, na bado hayajulikani, na mimi niliiondoa hiyo ya tatu kwa kuwa iliniharibia mpangilio wa ukurasa. Ombi la kwanza lilikuwa hai muda wote huo. Mama aliweka namba yake ya siri, fedha zikatoka, na hodi ilipofika ilikuta seva yangu imekwisha kuifuta kumbukumbu ya ombi lile, ikarudishwa kama mgeni aliyekosea nyumba.

Sasa, kampuni ile ya malipo ilikuwa inatoa maktaba ya programu, yaani mkusanyiko wa msimbo (maagizo ya programu) uliokwisha kuandikwa, kujaribiwa na kutunzwa na watu wanaoujua mfumo wenyewe, ambao fundi anauita ndani ya programu yake badala ya kuandika kila kitu upya. Nilikuwa nimeiona, nikaiacha. Niliona ni nzito mno kwa tovuti ya vyumba tisa, nikaamini kwamba kutuma ombi moja la malipo ni kazi ya mistari 20, na kweli mistari 20 ilitosha kutuma ombi. Haikutosha kwa yale yanayofuata ombi likishatumwa, na humo ndimo fedha za watu zinamozama. Usiku ule nilipoifungua maktaba ile na kuisoma, nilikuta mashimo niliyotumbukia yalikwisha kufukiwa zamani na watu waliotumbukia kabla yangu.

Kubwa kuliko yote ni namba ya kutambulisha ombi. Maktaba ile, kila inapotuma ombi, hulibandika namba ya pekee, na ombi hilohilo likilazimika kutumwa tena kwa sababu mtandao umekatika, linatumwa na namba ileile. Kampuni ya malipo ikiiona namba ambayo ilikwisha kuipokea, haimkati mteja tena; inarudisha jibu la mara ya kwanza. Wasomaji waliowahi kuwa waweka hazina wa kamati ya harusi wanalijua jambo hili vizuri kuliko mafundi wengi. Mjomba yuko Pangani, anatuma mchango wa shilingi 50,000, anapiga picha ya meseji na kuirusha kwenye kundi. Kesho yake anampelekea mweka hazina meseji hiyohiyo, na keshokutwa shangazi anairusha kwa mara ya tatu, kwa nia njema kabisa. Mweka hazina makini haandiki 150,000 kwenye daftari. Anatazama namba ya muamala, anaona ni ileile, anauacha mstari kama ulivyo. Programu yangu haikuwa na daftari la namna hiyo.

Hapa niseme wazi kwamba maktaba peke yake isingemwokoa yule mama kama ningeendelea kuomba namba mpya kila kitufe kinapobonyezwa. Namba hiyo inatakiwa ifungwe kwenye oda yenyewe, ili maadamu malipo ya kwanza bado hayajulikani, kubonyeza mara ya pili kumrudishe mteja kwenye ombi lilelile. Uamuzi huo ni wa fundi, hakuna maktaba itakayomfanyia. Na hodi nayo huweza kupigwa zaidi ya mara moja, kwa kuwa kampuni nyingi hurudia kuipiga mpaka seva ijibu kwa namba 200, ambayo katika lugha ya seva ni kusema nimepokea. Umeme ukikatika katikati ya kupokea, hodi ileile itarudi, na seva isiyotunza orodha ya hodi ilizokwisha kuzishughulikia itatoa risiti mbili kwa malipo mamoja, au itapeleka mzigo mara mbili.

Linalonitisha zaidi ya hayo yote ni suala la muhuri, yaani alama ya kuthibitisha kwamba hodi imetoka kweli kwa kampuni ya malipo. Ni nadra kumpata Mtanzania mwenye simu ambaye hajapokea ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii", na wenye maduka wa Ngamiani wanajua habari ya mteja anayeonyesha meseji ya malipo aliyoitunga mwenyewe. Muuza duka amejifunza: hatazami simu ya mteja, anatazama yake. Lakini tovuti kadhaa nilizoitwa kuzirekebisha hapa mjini zinafanya kinyume chake. Zina anwani ya kupokelea hodi, na yeyote atakayeijua anwani hiyo akipeleka ujumbe unaosema kwamba oda namba fulani imelipwa, seva inaamini, inatoa risiti, na mzigo unaondoka dukani. Nyingine huuamini ukurasa wa "asante" ambao mteja hurudishwa baada ya kulipa, kana kwamba mteja hawezi kuiandika anwani ya ukurasa huo kwa mkono wake bila kulipa hata senti.

Dawa ipo, na ni ya siku nyingi. Mwaka 1997 Krawczyk, Bellare na Canetti walichapisha maelezo ya njia iitwayo HMAC, ambayo kampuni nyingi za malipo zinaitumia mpaka leo. Kampuni na mfanyabiashara wana ufunguo mmoja wa siri, kila upande ukiutunza kwake. Kampuni huchukua ujumbe wote pamoja na ufunguo huo, huvipitisha katika hesabu maalumu, na kupata mfuatano wa herufi na tarakimu unaosafiri na ujumbe kama muhuri. Seva ya mfanyabiashara hurudia hesabu hiyohiyo kwa ufunguo wake. Mihuri ikilingana, ujumbe umetoka kwa mwenye ufunguo na haujaguswa njiani. Mtu akibadilisha 9,000 kuwa 90,000, muhuri haulingani tena. Ufunguo wenyewe hausafiri.

Kuyaeleza hayo ni rahisi, kuyatekeleza kwa mkono kuna taabu yake. Nilipojaribu kuuhakiki muhuri bila maktaba nilitumia saa tatu nikipata jibu lisilolingana, kwa sababu programu yangu ilikuwa inaufungua ujumbe, inaupanga upya na kuondoa nafasi tupu, ndipo ikokotoe, ilhali muhuri huhesabiwa juu ya herufi zilezile jinsi zilivyofika, hata nafasi tupu ikiwemo. Mwenzangu mmoja alipofika hapo alikata tamaa, akauzima uhakiki akisema ataurudisha baadaye, na nilipoitwa kwenye duka lile miezi mingi ilikuwa imepita na uhakiki bado umezimwa. Maktaba iliyoandikwa vizuri hufanya kazi hiyo kwa mstari mmoja, na baadhi hutazama pia saa iliyoandikwa kwenye ujumbe, ili ujumbe wa kweli wa jana usinaswe na mtu na kurudishwa leo kama mpya.

Kuhusu hesabu za fedha nitasema kwa kifupi. Kompyuta haihifadhi desimali nyingi kwa ukamilifu. Katika lugha nyingi za programu ukiiambia ijumlishe 0.1 na 0.2 itakupa 0.30000000000000004, na ndiyo maana maktaba nyingi za malipo hutaka fedha zitajwe kwa namba kamili. Mtego ni kwamba kiwango cha kimataifa cha ISO 4217, kinachoorodhesha sarafu za nchi, bado kinaihesabia shilingi ya Tanzania senti zake, wakati shilingi ya Uganda na faranga ya Rwanda hazihesabiwi senti. Kwa hiyo kampuni ya kadi inayohesabu kwa senti itataka 90,000 iandikwe 9000000, na kampuni ya malipo ya simu itataka 90000 kama ilivyo. Anayenakili msimbo wa huku na kuupeleka kule anaweza kumkata mgeni mara mia, au kumpa chumba cha shilingi 90,000 kwa shilingi 900.

Kwa upande wa kadi, nimewahi kuonyeshwa daftari la mapokezi lenye namba za kadi za wageni, tarehe za mwisho na zile tarakimu tatu za nyuma, zote kwa wino wa bluu, zimepokelewa kwa WhatsApp. Kiwango cha usalama wa kadi kiitwacho PCI DSS, ambacho kilitolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2004, kinakataza mfanyabiashara kuzihifadhi tarakimu hizo tatu baada ya malipo kuidhinishwa, na Tanzania yenyewe ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Maktaba za kampuni za kadi huipeleka namba ya kadi moja kwa moja kutoka kwenye kivinjari cha mgeni (programu anayofungulia tovuti) hadi kwa kampuni, na seva ya hoteli hupokea kitambulisho mbadala tu, ambacho mwizi akikiiba hakimpi namba ya kadi. Kitu ambacho huna, hakiwezi kuibwa kwako, na kwa mwenye nyumba ya vyumba tisa hiyo ni nafuu kubwa sana.

Wako mafundi wenzangu, na ni watu ninaowaheshimu, wanaosema kwamba kutegemea msimbo wa mtu usiyemjua ni hatari kuliko kuandika wako. Hofu yao ina msingi. Mwaka 2014 iligunduliwa kasoro iliyopewa jina la Heartbleed katika maktaba ya OpenSSL, ambayo ilimwezesha mtu wa mbali kusoma sehemu za kumbukumbu ya seva, na seva nyingi duniani zilikuwa zinaitegemea. Mwaka 2016 mtu mmoja aliondoa maktaba yake ndogo iitwayo left-pad, yenye mistari 11, na programu nyingi zilizoitegemea zikashindwa kujengwa. Mwaka 2018 aliyekuwa akiitunza maktaba ya event-stream alimkabidhi mtu aliyejitolea kusaidia, na mtu huyo akaingiza ndani yake msimbo uliolenga kuiba bitcoin, ambayo ni sarafu ya kidijitali, kwenye pochi za programu iitwayo Copay. Mambo hayo yametokea na yanaweza kutokea tena. Lakini kasoro ya Heartbleed ilipogunduliwa, wenye seva walipata rekebisho wakalisakinisha, ilhali kasoro yangu ya Raskazone hakuna aliyekuwa anaitazama isipokuwa mimi, na mimi sikuwa naitazama. Ninachoshauri ni kuchukua maktaba inayotolewa na kampuni ya malipo yenyewe au ile ambayo watunzaji wake wanaonekana wapo kazini, kulifunga toleo lake ili lisijibadilishe lenyewe, na kusoma maelezo ya mabadiliko kabla ya kupanda toleo jipya. Maktaba iliyotelekezwa miaka mitatu na mtu aliyekwisha kuhamia kazi nyingine, hata kama mafunzo ya video yanaisifu, tuiache.

Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya mwaka 2015 imeiweka kazi ya kutoa leseni kwa watoa huduma za malipo mikononi mwa Benki Kuu ya Tanzania, na hilo ni jambo jema. Hata hivyo kipande cha mwisho cha njia, kile kinachotoka kwa kampuni yenye leseni hadi kwenye duka la Barabara ya Kumi na Mbili, tunakiandika sisi. Kwa hiyo nawaomba wenye biashara mtukague ninyi. Fundi akisema kazi imekwisha, usimkubalie kwa kuona malipo ya kwanza yamepita, maana hayo hupita hata kwa msimbo mbovu. Lipa shilingi 1,000 mbele yake, na kabla hujaweka namba ya siri mwambie aizime seva, kisha weka namba ya siri, kisha mwambie aiwashe tena. Kama oda yako haikujirekebisha yenyewe baada ya muda na kuonyesha kwamba imelipwa, kazi haijaisha. Halafu muulize ufunguo wa siri ameuweka wapi. Akikuambia umo ndani ya msimbo uleule anaourusha kwa wenzake, mwambie aubadilishe siku hiyohiyo, kwa sababu ufunguo huo kwako ni kama namba ya siri kwa wakala.

Na hata fundi akifanya yote, hesabu za asubuhi hazina mbadala. Pale Raskazone karani wa mapokezi siku hizi hufungua kila saa mbili asubuhi orodha ya kampuni ya malipo kwenye kompyuta, akaweka daftari la vyumba pembeni, akapitisha kidole mstari kwa mstari mpaka kila namba ya muamala ipate mwenziwe. Inamchukua muda wa kunywa chai. Wiki ya pili tu alikuta malipo moja ya mgeni wa Lushoto ambayo hodi yake ilifika wakati umeme umekatika, akampigia mgeni kabla mgeni hajapiga yeye.

Lililobaki nawaomba wenye kampuni za malipo. Vijana ninaowafundisha siku za Jumamosi pale Makorora wanajifunza kazi hii kwa maelezo ya Kiingereza ambayo hata mimi huyasoma mara mbili, na mmoja wao alikuwa ameifasiri hali ya malipo yanayosubiriwa kuwa ni malipo yaliyokataliwa, kosa lilelile langu, kwa njia nyingine. Andikeni maelezo ya maktaba zenu kwa Kiswahili. Baadhi yenu pia hamtoi ruhusa ya kufanya majaribio mpaka mtu alete leseni ya biashara na TIN, kwa hiyo kijana analazimika kujifunzia kwenye duka la mtu na kwa fedha za mtu. Fungueni mazingira ya majaribio kwa yeyote mwenye barua pepe, na muweke humo namba za simu za kujaribia: moja inayokubali, moja inayokataa, na moja isiyojibu kabisa, kwa kuwa hiyo ya tatu mimi nilikutana nayo kwa mara ya kwanza Raskazone, kwa hela ya nauli ya mama wa watu.

Wako,
Fundi wa programu,
Chumbageni, Tanga